Neno Lililoondolewa kwenye Mapipa ya Petroli

Anayejifunza Kiingereza huambiwa mapema kwamba "visible" ni kinachoonekana na "invisible" ni kisichoonekana. Akikutana na "flammable" na "inflammable", hukisia kwa kanuni hiyohiyo: kimoja hushika moto, kingine hakishiki. Kumbe yote mawili yana maana moja, kitu kinachowaka kwa urahisi.

Chanzo ni Kilatini. Lugha hiyo ilikuwa na viambishi awali viwili vyenye umbo moja la "in-". Kimoja kilikanusha, kingine kilionyesha kuingia au kutia ndani, na "inflammare", yaani kutia moto, kilijengwa kwa hicho cha pili. "Inflammable" likaingia katika Kiingereza takriban karne mbili kabla ya "flammable". Neno linalopotosha ndilo kongwe, tena ndilo lenye nasaba iliyonyooka zaidi.

Kwenye riwaya, utata huo haumdhuru mtu. Kwenye pipa la petroli unaweza kuua, kwani mvuke wa petroli hushika cheche hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri. Benjamin Lee Whorf, mwanaisimu aliyefanya kazi ya kuzuia moto katika kampuni ya bima ya Hartford, Marekani, alionyesha jinsi neno linavyoweza kumlegeza mtu: karibu na mapipa yaliyojaa petroli watu hujihadhari, lakini karibu na yale yanayoitwa matupu huvuta sigara, ingawa yamebaki na mvuke unaolipuka.

Wataalamu wa moto walilishughulikiaje jambo hili? Hawakufundisha Kilatini, wala hawakurefusha maelezo kwenye lebo. Waliliacha neno lenyewe, "inflammable". Katika miaka ya 1920, National Fire Protection Association ya Marekani ilianza kuhimiza "flammable". Mwaka 1953 Marekani ikapitisha sheria ya vitambaa vinavyowaka haraka, na jina lake likabeba "flammable". Mwaka 1959 British Standards Institution nayo ikatangaza kwamba inapendelea neno hilo, na kinyume chake kiwe "non-flammable". Hapo ndipo penye ustadi: "non-" ina kazi moja tu, kukanusha, kwa hiyo msomaji mwenye haraka habaki akikisia.

Kifaransa, lugha inayotumika pia Kongo na Burundi, hakikufuata njia hiyo. Huko "inflammable" ndilo neno la kawaida, na kisichowaka huitwa "ininflammable".

Uamuzi wa wataalamu hao ulikuwa sahihi, hata kama uliliacha neno lenye haki ya ukongwe. Lebo huandikwa kwa ajili ya kuli, dereva na fundi, si kwa ajili ya mwanaisimu. Anayeandika lebo ya Kiingereza leo aandike "flammable", na chini yake aongeze kwa Kiswahili: HUSHIKA MOTO HARAKA. Nawe ukikuta "inflammable" kwenye pipa la zamani, zima sigara na usogee mbali.