Msaka Shoti

Matenga ya nyanya yakishapangwa na kufungwa kamba pale Ilula, mkoani Iringa, dereva wa pikapu anayekwenda Dar es Salaam huwa na jambo moja kichwani kabla hajawasha injini: mteremko wa Kitonga. Barabara inashuka mlima kwa kona kali, malori yamefuatana, na mguu hautoki mbali na pedali ya breki. Hapo taa mbili nyekundu za nyuma ndizo zinazomwambia mwenye lori kwamba gari lililo mbele yake linapunguza mwendo. Taa hizo zinategemea fyuzi, kidude cha plastiki chenye ukubwa wa ukucha wa kidole gumba. Ikiungua, dereva wa pikapu anaweza kushuka mlima mzima bila kujua. Anayekosa habari ni yule wa nyuma.

Kubadilisha fyuzi ni kazi ya dakika moja. Kazi yenyewe inaanza pale ile mpya nayo inapoungua, kisha ya tatu, na mwenye gari anarudi gereji na mzigo wake juani. Yupo atakayemkunjia karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara na kuichomeka palipokuwa na fyuzi. Yupo atakayemwekea kubwa zaidi. Na yupo fundi umeme anayegoma kuweka fyuzi yoyote mpaka ajue iliyotangulia imeuawa na nini. Huyo anastahili kuandikwa.

Wengi hudhani fyuzi inalinda taa au redio. Kwanza inalinda waya. Waya mwembamba unaotoka chini ya dashibodi hadi nyuma ya gari umetengenezwa ubebe umeme wa kiasi chake. Ukizidishiwa unapata moto, plastiki inayeyuka, na nyaya jirani ndani ya fungu zinaungua pamoja nao. Thomas Edison alipata hataza ya fyuzi mwaka 1890, kwa ajili ya mifumo ya umeme aliyokuwa akiisambaza. Hizi za miguu miwili bapa, zilizoenea kwenye magari ya leo, zililetwa na kampuni ya Marekani ya Littelfuse mwaka 1976. Rangi ndiyo lugha yake: nyekundu ni ampea 10, bluu 15, njano 20, kijani 30. Anayechomoa nyekundu akachomeka kijani hajatengeneza kitu. Ameacha waya uchukue nafasi ya fyuzi, na waya huo unapita chini ya gari, jirani na bomba la mafuta.

Fundi mzuri huanza na hesabu. Globu ya breki ni wati 21. Zikiwa mbili ni wati 42, na kwa betri ya volti 12 zinakula ampea tatu na nusu tu. Kwa hesabu hiyo fyuzi ya 10 haiwezi kuungua kwa kazi halali ya taa zile. Umeme umepata njia ya mkato mahali fulani. Mjerumani Georg Simon Ohm alikwisha kuandika mwaka 1827 kwamba ukinzani ukipungua, mkondo unapanda. Na kwa kuwa bodi yote ya gari imeungwa kwenye upande hasi wa betri, waya wenye umeme ukigusa chuma popote, ukinzani unakaribia sifuri na mkondo unaweza kuruka hadi mamia ya ampea. Hiyo ndiyo shoti.

Kisha anaisoma fyuzi iliyokufa. Anaiinua kwenye mwanga. Dirisha likiwa jeusi na chuma kimerukia kwenye kuta za plastiki, mkondo ulikuja mkubwa kwa mara moja. Utepe ukiwa umeyeyuka taratibu katikati, bila masizi, kuna kitu kinachozidisha mzigo kidogo kidogo: fyuzi ya 10 ikipitishiwa ampea 13 na nusu inaweza kuvumilia hata dakika kadhaa kabla ya kukatika. Wenye haraka huitupa. Fundi huyu huiweka mfukoni.

Anauliza pia. Imeungua wakati gani? Ulipokanyaga breki, au papo hapo ilipochomekwa? Swali linaonekana dogo, lakini linaigawa kazi mara mbili. Kwenye pikapu nyingi umeme wa taa za breki unatoka kwenye fyuzi, unasubiri kwenye swichi iliyo juu ya pedali, na hauendi nyuma mpaka pedali ikanyagwe. Fyuzi ikiungua bila breki kuguswa, ubovu uko kabla ya swichi. Ikiungua mguu unaposhuka, uko baada yake. Hivyo ndivyo mtu anayetafuta mvujo kwenye bomba refu la maji anavyofunga koki ya katikati kwanza. Jibu likiwa "kwenye matuta tu", fundi ameshaanza kufikiria waya unaosuguliwa. Likiwa "mvua ikinyesha", anakwenda moja kwa moja kwenye soketi ya tela, pale kutu inapopenda kukaa.

Hapa mita inaweza kumdanganya asiyezoea. Akiigusisha kwenye waya wa breki na kwenye bodi, inalia, naye anashangilia kwamba shoti imepatikana. Bado. Uzi wa globu ya wati 21 ukiwa umepoa una ukinzani usiofika om moja. Ukiwaka unapanda hadi karibu om saba. Mita imepima globu nzima isiyo na kosa. Ndiyo maana fundi aliyekomaa hutoa globu zote za mzunguko huo kabla ya kupima, na akiwa nazo mkononi huangalia kama kuna iliyopachikwa isiyo ya pale, ya uzi mmoja kwenye kishikio cha nyuzi mbili, ikiunganisha vituo visivyotakiwa kukutana.

Halafu inakuja mbinu inayofaa kusifiwa kuliko zote. Badala ya kuchoma fyuzi moja baada ya nyingine, anachukua globu ya taa kubwa ya mbele, ya wati 55, na kuiunganisha mahali pa fyuzi. Sasa shoti haiwezi kuvuta zaidi ya ampea nne na nusu hivi, kwa kuwa globu imesimama njiani, na waya uko salama. Kijana anakaa kwenye usukani amekanyaga pedali, globu inawaka kwa nguvu zote. Fundi anaingia uvunguni na kuanza kulitikisa fungu la nyaya, shubiri kwa shubiri, kutoka kwenye kebini kwenda nyuma.

"Bado inawaka!"

Anasogea. Hapa nyaya zinapita juu ya chuma kinachokatiza chesisi. Anavuta.

"Imezima! Imewaka tena!"

Amefika. Kibanio kilivunjika siku bodi ilipofunguliwa, pengine miaka iliyopita, na tangu hapo fungu limekuwa likisuguana na ukingo wa chuma mpaka shaba ikaonekana. Anakata sehemu mbovu, anaunga kwa risasi, anafunika, anavisha kipande cha mpira, na kufunga kibanio kipya ili fungu lisirudi pale. Akipiga tepu peke yake, masika haiishi kabla gari halijarudi. Mwisho anarudisha globu za breki na kuchomeka fyuzi nyekundu, ile ile ya 10.

"Fundi, ndiyo hiyo tu?" anauliza mwenye gari, akitazama mpira na kibanio.

Swali hilo linaumiza, kwa sababu gereji zetu zimezoea kulipwa kwa kitu kinachoshikika: altaneta, betri, kompresa. Saa mbili za kufikiri uvunguni hazina boksi. VETA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, inafundisha umeme wa magari kama fani kamili, na ina utaratibu wa kuwapima na kuwapa vyeti waliojifunzia kazini. Hiyo ni heshima stahiki. Malipo nayo yaifuate. Kabla kofia ya injini haijafunguliwa, bei ya kutafuta itajwe peke yake na bei ya kutengeneza peke yake, na ile ya kutafuta ilipwe hata kama kilichobadilishwa ni kibanio cha plastiki.