Santuri na Makumbusho: Suala la Hadhira katika Muziki wa Ukambani

Makala haya yanauliza swali moja: makumbusho yanapohifadhi santuri ya muziki wa dansi, huhifadhi nini hasa? Swali hili linaihusu Kibwezi, kwa kuwa Katiba ya Kenya ya 2010 ilizikabidhi kaunti, Makueni ikiwemo, jukumu la makumbusho.

Katika "Tanzu za Fasihi Simulizi" (Mulika, 1989), M. M. Mulokozi aliichukulia fasihi simulizi kuwa ni tukio linalotawaliwa na mambo sita: fani, fanani, hadhira, tukio, mahali na wakati. Kipimo hicho kinaufaa pia muziki wa Kakai Kilonzo (aliyefariki 1987) na kundi lake la Kilimambogo Brothers, walioimba kwa Kikamba na Kiswahili. Santuri ndogo za enzi hiyo, za mizunguko 45 kwa dakika, zilichukua dakika chache tu kila upande. Hivyo nyimbo nyingi za benga ziligawanywa sehemu mbili. Mara nyingi upande wa kwanza ulitawaliwa na usimulizi wa mwimbaji, na wa pili ukaachiwa magitaa na wachezaji. Santuri ikilazwa kabatini, mgawanyo huo haudhihiriki. Anayesoma lebo atalijua jina la fanani, lakini hadhira hataiona.

Huenda ikadaiwa kwamba makumbusho si ukumbi wa dansi, na kwamba pasipo santuri hakuna cha kusikiliza. Dai hilo lina uzito, ila linathibitisha tu kuwa kifaa ni mwanzo wa kazi. Mwaka 2008, Ketebul Music ya Nairobi ilipiga hatua zaidi ilipotoa kitabu, muziki na filamu kuhusu benga kwa pamoja. Hapo fanani alipata nafasi ya kujieleza. Aliyebaki nyuma ni msikilizaji: aliyeinunua santuri, akaicheza nyumbani au arusini, akaupa wimbo maana ambayo mtunzi hakuikusudia.

Hoja yetu, basi, ni kwamba kila santuri itakayokusanywa Kibwezi iambatane na ushuhuda wa mwenyewe uliorekodiwa kwa lugha yake: ilinunuliwa wapi, ilichezwa lini, nani walicheza. Vijana wa miaka ya 1970 sasa ni wazee. Santuri yaweza kusubiri bajeti ya mwaka ujao. Ushuhuda wao hauna hakika hiyo.