Jumanne Moja ya Oktoba: Namna ya Kuandaa Programu za Kabla na Baada ya Masomo kwa Ukaguzi wa Serikali

Ukitaka kujua haraka kama kituo cha watoto cha baada ya masomo kiko tayari kwa ukaguzi, usianze na kabati la mafaili. Chagua tarehe moja, tuseme Jumanne ya katikati ya Oktoba, kisha uombe kila karatasi inayohusu siku hiyo: mahudhurio ya watoto, saa walizoingia na kutoka, wafanyakazi waliokuwa zamu, kitafunio kilichotolewa, ratiba ya shughuli, na orodha ya mishahara ya kipindi hicho. Karatasi hizo zikisimulia habari moja, kituo kiko tayari. Zikipingana, hoja ya ukaguzi imeshapatikana, na hakuna faili jipya, hata likipambwa vipi, litakaloiondoa.

Katika uchambuzi huu nitaifuata Jumanne hiyo katika jimbo la California, Marekani, kwa sababu sheria ya huko imeandika wajibu wa programu hizi kwa tarakimu zinazopimika. Jimbo lilianza kugharamia vituo vya baada ya masomo mwaka 1998. Novemba 2002 wapiga kura wakapitisha Pendekezo la 49, lililopigiwa debe na Arnold Schwarzenegger kabla hajawa gavana, na hapo ikazaliwa programu ya After School Education and Safety, inayojulikana kwa kifupi kama ASES. Fungu lake la takriban dola milioni 550 kwa mwaka lilianza kutolewa kikamilifu mwaka wa fedha 2006–07. Juu yake kuna ruzuku ya shirikisho ya 21st Century Community Learning Centers, na tangu 2021 kuna mpango mwingine mkubwa wa jimbo, Expanded Learning Opportunities Program.

Fedha hizo hufuatwa na wakaguzi wa aina mbili. Wa kwanza ni Idara ya Elimu ya California, ambayo hukagua wilaya za elimu kwa zamu. Baadhi hutembelewa na baadhi hukaguliwa kwa mbali, na vielelezo hupakiwa kwenye mfumo wa kielektroniki wa California Monitoring Tool. Wa pili ni mkaguzi wa hesabu wa nje, anayekuja kila mwaka akiwa na mwongozo wa jimbo mkononi. Huyu huchukua sampuli ya vituo na kulinganisha idadi ya watoto iliyoripotiwa na karatasi za mahudhurio zenyewe. Idara huuliza mambo mengi zaidi, lakini wote wawili hatimaye hurudi kwenye karatasi ileile ambayo mlezi aliijaza mtoto alipoingia mlangoni.

Karatasi ya mahudhurio

Sheria ya ASES inaitaka programu ya baada ya masomo ianze mara tu kengele ya mwisho inapolia, iendeshwe kwa saa zisizopungua 15 kwa wiki, na ibaki wazi angalau hadi saa 12 jioni kila siku ya kawaida ya shule. Watoto wengine huchukuliwa mapema, na sheria inalijua hilo. Kila programu inatakiwa iwe na sera ya maandishi inayoeleza sababu zinazokubalika za kuondoka kabla ya muda.

Kwenye sera hiyo ndipo vituo vingi hujikwaa. Sera ipo, imepakiwa, imesainiwa. Lakini karatasi ya Jumanne inaonyesha mtoto aliondoka saa 10 na dakika 40, na safu ya sababu iko wazi. Mkaguzi hawezi kujua kama alikwenda kliniki, alikwenda mazoezi ya mpira, au alichoka tu. Kituo kilichojiandaa hutumia herufi chache za mkato zilizotajwa ndani ya sera yenyewe, na anayemchukua mtoto huandika herufi moja, saa kwa tarakimu, na sahihi yake. Kazi hiyo haimalizi dakika.

Programu za asubuhi zina mtego mwingine. Sheria inataka zisipungue saa moja na nusu kwa siku, na mtoto aliyehudhuria chini ya nusu ya muda wa siku hiyo hahesabiwi. Programu ikianza saa 12 na nusu na kuisha saa 2 kamili, nusu yake ni dakika 45. Mtoto anayefika saa 1 na dakika 20 amebakiza dakika 40. Anapokewa, anapewa chakula, anakaa na wenzake kama kawaida, ila jina lake haliingii katika hesabu inayotumwa serikalini. Karatasi yenye alama ya tiki tu, bila saa ya kufika, haiwezi kutenganisha mtoto huyu na aliyewahi, na kwa hiyo hesabu yote ya asubuhi hiyo inatiliwa shaka.

Baada ya hapo kuna kujumlisha. Mahudhurio huripotiwa kwa jimbo mara mbili kwa mwaka, na kosa dogo la Jumanne moja hujirudia ndani ya jumla ya miezi sita. Utaratibu unaofaa ni mwepesi: mlezi anajaza, msimamizi wa kituo anajumlisha jioni hiyohiyo, na mwisho wa wiki mtu mwingine asiyefanya kazi kituoni hapo anahesabu upya sahihi kwenye karatasi na kulinganisha na takwimu iliyoingizwa kwenye kompyuta. Tofauti ikionekana Ijumaa, waliokuwapo bado wanakumbuka. Ikionekana Mei, hakuna anayekumbuka, na hapo ndipo watu waadilifu huanza kushawishika kujaza pengo kwa kukisia. Karatasi iliyosahihishwa kwa uwazi, kosa likakatwa mstari mmoja na kuwekwa tarehe na herufi za jina la aliyesahihisha, inaaminika kuliko karatasi safi iliyonakiliwa upya.

Watu waliokuwa zamu

Tuseme Jumanne hiyo walifika watoto 80. Sheria inaruhusu watoto wasiozidi 20 kwa kila mfanyakazi, kwa hiyo walihitajika wafanyakazi wanne wanaosimamia makundi. Mmoja akiugua na asipatikane wa kumshikilia, uwiano unakuwa karibu 27 kwa mmoja. Msimamizi aliye ofisini akipokea simu hajaziba pengo hilo, hata kama jina lake limo kwenye zamu. Watoto wa chekechea wanaohudumiwa kwa mpango wa 2021 wana kiwango kikali zaidi: 10 kwa mfanyakazi mmoja.

Kwa hiyo orodha ya wafanyakazi peke yake haitoshi. Kinachohitajika ni karatasi ya zamu inayoonyesha nani alikuwa na kundi gani kuanzia saa ngapi, ili iwekwe kando ya mahudhurio ya watoto na wastani wa mwezi usifiche siku mbaya. Wilaya makini huwa na orodha ya wafanyakazi wa akiba ambao wameshakamilisha vibali, kwa kuwa kibali hakipatikani alasiri moja.

Vibali vyenyewe vinajulikana. Anayesimamia watoto moja kwa moja lazima afikie sifa za msaidizi wa mwalimu katika wilaya yake. Wafanyakazi na watu wa kujitolea hupimwa alama za vidole na afya, ikiwa ni pamoja na kifua kikuu, kwa masharti yaleyale yanayowahusu watu wa shule. Uteuzi wa msimamizi wa kituo unahitaji idhini ya mkuu wa shule, na idhini ya mdomo haiachi ushahidi. Barua fupi yenye tarehe inatosha. Kwa upande wa vielelezo, kinachopakiwa ni jedwali la tarehe za vibali. Matokeo ya vipimo vya mtu hayapaswi kusambazwa kwenye mfumo, na majina ya watoto hufichwa. Kulinda siri zao ni sehemu ya kazi hiyohiyo.

Fedha zinavyofuata mtoto

Waswahili husema mali bila daftari hupotea bila habari. Katika mwaka 2021–22 kiwango cha ASES cha baada ya masomo kilipandishwa hadi dola 10.18 kwa mtoto kwa siku. Watoto 80 kwa siku 180 za shule ni mahudhurio 14,400, sawa na dola 146,592. Angalau asilimia 85 ya kiasi hicho, yaani dola 124,603, lazima itumike kwa huduma ya moja kwa moja kwa watoto. Kisichozidi asilimia 15 ndicho kinachobaki kwa utawala.

Juu ya ruzuku, wilaya na washirika wake wanatakiwa kuchangia theluthi moja, kwa fedha taslimu au kwa huduma na vifaa. Kwa kituo chetu hiyo ni dola 48,864. Thamani ya majengo inaruhusiwa kuhesabiwa, lakini isizidi robo ya mchango huo, yaani dola 12,216. Kikomo hiki kinahitaji kuangaliwa mapema. Wilaya inayotegemea kodi ya madarasa yake kama mchango hugundua mwishoni mwa mwaka kwamba imebaki na pengo la zaidi ya dola 36,000, wakati hakuna tena muda wa kutafuta wahisani. Saa za wanaojitolea, vitabu vilivyotolewa na maktaba, muda wa mwalimu wa muziki anayelipwa na mshirika: vyote vinaweza kuandikwa vikitokea, kila kimoja kikiwa na tarehe, thamani na sahihi ya mtoaji.

Mshahara wa mfanyakazi anayegawa muda wake kati ya kazi mbili ni eneo jingine la hoja. Kama asubuhi anafundisha darasani na jioni anasimamia kituo, kumbukumbu za muda wake lazima zionyeshe mgawanyo huo. Vifaa navyo vina historia yao: palipo na vifaa vilivyonunuliwa kwa fedha za shirikisho, kanuni zinataka vihesabiwe kwa macho angalau mara moja kila miaka 2. Kompyuta iliyohamishiwa ofisi ya shule bila maandishi itaulizwa ilipo.

Ubora usiopimwa kwa karatasi peke yake

Programu inaweza kutimiza yote haya na bado watoto wakakaa saa tatu wakitazama ukuta. Sheria inataka sehemu mbili: msaada wa masomo, hasa kusoma na kazi za nyumbani, na shughuli za kukuza vipaji kama sanaa, michezo na sayansi. Mwaka 2014 California ilitoa viwango 12 vya ubora, na programu zinatakiwa kuonyesha kwamba zinajipima kwa takwimu, zinapanga, na zinaboresha. Mpango wenyewe wa programu hupitiwa upya kila miaka 3.

Vielelezo dhaifu hapa ni mipango mizuri isiyo na mwendelezo. Mpango unasema kituo kitasikiliza sauti za watoto, na baada ya hapo kimya. Kielelezo chenye nguvu ni kifupi: Novemba watoto waliulizwa, wengi wakasema muda wa kazi za nyumbani ni mrefu mno, Februari ratiba ikabadilishwa, Mei wakaulizwa tena. Kurasa mbili zinatosha. Ratiba ya Jumanne yetu ikifanana na mpango, na mkaguzi akiingia chumbani akakuta kinachofanyika ndicho kilichoandikwa, mazungumzo yanakuwa mafupi.

Wazazi nao ni sehemu ya ushahidi huu. Sheria ya California inaagiza kwamba shule ambayo asilimia 15 au zaidi ya wanafunzi wake wana lugha moja ya nyumbani isiyo Kiingereza itume taarifa kwa wazazi kwa lugha hiyo pia. Familia zinazozungumza Kiswahili kutoka Kongo zimepata makazi katika jimbo hilo, San Diego ikiwemo, na si rahisi wafikie asilimia 15 katika shule moja. Nashauri vituo visingoje kiwango hicho. Mama anayetia sahihi fomu ya kuondoka mapema bila kuielewa hajakubali kitu, na sahihi yake hailindi mtoto wala kituo.

Hoja ikitolewa

Hata programu nzuri hupata hoja. Wilaya hupewa siku 45 kuijibu, na kinachofunga hoja ni uthibitisho kwamba chanzo kimeondolewa. Kama kosa lilikuwa saa za kuondoka zisizoandikwa, kutuma sera mpya hakutoshi. Tuma karatasi za wiki kadhaa baada ya walezi kufundishwa, pamoja na tarehe ya mafunzo na majina ya waliohudhuria. Kurudi nyuma kujaza nafasi wazi za Oktoba ni kughushi, na hugeuza upungufu wa kawaida kuwa jambo la jinai.

Naandika haya kwa sababu fedha hizi hulipwa kwa kila mtoto aliyefika. Jina lililoandikwa bila mtoto kuwapo ni fedha zilizomkosesha nafasi mwingine aliye kwenye orodha ya kusubiri. Mzazi anayetoka kazini saa 11 aliahidiwa kisheria kwamba mwanawe atakuwa salama hadi saa 12, na karatasi ya mahudhurio ndiyo inayoonyesha kama ahadi hiyo ilitimizwa.

Lakini ahadi hiyo haiwezi kubebwa na msimamizi anayetakiwa kupokea watoto, kutuliza ugomvi, kugawa chakula, kisha kufanya hesabu kwa muda wake mwenyewe usiolipwa. Wilaya inayotaka ukaguzi safi imlipe nusu saa kila jioni baada ya mtoto wa mwisho kuchukuliwa, kwa kazi ya kujumlisha na kulinganisha karatasi za siku. Kwa siku 180 hizo ni saa 90 kwa mwaka kwa kila kituo. Gharama hiyo iwekwe kwenye bajeti kabla mwaka haujaanza, mbele ya fungu la mafaili, washauri na semina za mwezi wa mwisho.