Kidole cha Tabibu na Mguu wa Kome

Adui mkubwa wa anayeziba meno ni mate. Anaweza kuchimba vizuri na kukoroga sementi vizuri, lakini unyevu ukipenya kabla ya wakati, kizibo hakishiki; siku chache baadaye mgonjwa anarudi nacho kimefungwa kwenye leso. Kwa hiyo, ukitaka kumjua fundi wa kazi hii katika kituo cha afya cha wilaya kama Ngara au Biharamulo, anza kwa kutazama pamba yake: anavyoipanga kando ya ufizi, na anavyoibadilisha kabla haijalowa.

Mbinu ninayoisifu haitaki umeme. Kuna kioo kidogo, patasi ndogo ya kupanulia tundu, na kijiko ambacho kichwa chake ni kama punje ya mtama. Kwa kijiko hicho tabibu wa meno hukwangua uozo kidogokidogo, na hapo mkono hufanya kazi ya jicho. Sehemu iliyooza kabisa hutoka laini, kama ndizi iliyoiva mno. Chini yake kuna tabaka linalokaza, gumu kiasi cha ngozi kavu. Hapo mkono husimama. Tabaka hilo limeumia lakini halijafa. Likifunikwa vyema, vijidudu vikakosa chakula, jino lina uwezo wa kulirudishia ugumu. Mwanafunzi huendelea kuchimba kwa hofu ya kubakiza. Mzoefu anajua cha kuacha.

Kisha huja sementi: unga wa glasi na asidi ya majimaji, vinavyokorogwa haraka juu ya karatasi. Walioibuni ni Alan Wilson na Brian Kent, huko Uingereza, mwishoni mwa miaka ya 1960. Sementi hiyo hujishikiza kwenye kalisi ya jino lenyewe, na huachia floridi polepole. Tabibu huijaza kwenye tundu, hupaka mafuta ya mgando kwenye kidole chenye glovu, kisha hubonyeza. Hukaa hivyo kimya, kidole hakitikisiki, mpaka sementi ianze kukaza.

Mbinu hii chimbuko lake ni Tanzania. Katikati ya miaka ya 1980, daktari wa meno Mholanzi, Jo Frencken, akiwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliijaribu kwa sababu vijijini hakukuwa na umeme wa kuendesha mashine, na meno mengi yaliyoweza kuokolewa yalikuwa yakiishia kwenye koleo. Mwaka 1994 Shirika la Afya Duniani likaiunga mkono, ikasambaa.

Mbali na vilima vya Ngara, baharini, yuko kiumbe aliyelitatua tatizo la unyevu zamani sana. Kome hukaa kwenye mwamba unaopigwa na mawimbi, wala hang'oki. Hutoa mguu wake, huubonyeza kwenye jiwe, husukuma maji pembeni, kisha chini ya mguu huo humwaga protini zinazoganda kuwa uzi. Baada ya dakika chache huinua mguu na kuanza uzi mwingine. Mwanasayansi wa Marekani, Herbert Waite, alionyesha mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwamba protini hizo zimejaa kiungo kiitwacho dopa, kinachonata hata penye maji. Mwaka 2007 watafiti wakaonyesha kwamba dopamini, ndugu yake dopa, hujitandaza na kushika juu ya karibu kila kitu. Wataalamu wa meno wakaichukua. Maabara zimeonyesha kwamba sehemu ya jino iliyopoteza madini, ikipata utando huo, huvuta kalisi na fosfeti, na madini yakaanza kujijenga upya.

Tazama mfanano wake: kubonyeza, kuondoa maji, kusubiri, kisha kuinua. Mguu wa kome na kidole cha tabibu vina adabu moja, na adabu hiyo ni subira.

Tiba ya kome bado ni kazi ya maabara. Sementi ya glasi ipo, na tangu 2021 imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Kila halmashauri iihesabu hivyo inapoagiza dawa. Nawe msomaji, nenda kwa tabibu wa meno ukiwa na tundu dogo lisilouma. Uozo ukishafika kwenye mshipa wa jino, kijiko na sementi haviwezi tena kuliokoa.