Akaunti Milioni 150 na Ufunguo Mmoja: Adobe Ilikosea Wapi

Tarehe 3 Oktoba 2013 kampuni ya Adobe ya Marekani, watengenezaji wa Photoshop, ilitangaza kwamba wadukuzi wameingia kwenye mifumo yake na kuchukua taarifa za wateja. Hesabu ya kwanza iliyotolewa ilikuwa wateja milioni 2.9. Kabla mwezi haujaisha ikapanda hadi watumiaji hai milioni 38. Faili lenyewe lilipovuja na wataalamu wakaanza kulipekua, walikuta safu zaidi ya milioni 150.

Magazeti ya wakati ule yalishughulika na ukubwa wa hesabu. Kwa anayejenga au kuendesha tovuti, somo liko kwingine. Nywila zote katika faili lile zilikuwa zimesimbwa; hakuna iliyoandikwa wazi. Hata hivyo, ndani ya siku chache nywila za mamilioni ya watu zilikuwa zimeshajulikana, na waliozijua hawakuwa na ufunguo wa kuzifungulia.

Ili kuelewa ilivyowezekana, tuanze na kazi yenyewe ya nywila. Tovuti haina haja ya kuijua nywila yako. Inachohitaji ni kuthibitisha kwamba uliyoiandika leo ni ileile uliyoiandika siku ya kujisajili. Kwa hiyo nywila hupitishwa kwenye hesabu iitwayo heshi, ikatoka upande wa pili ikiwa mfuatano wa herufi na tarakimu, na mfuatano huo ndio unaohifadhiwa. Heshi ni kama kusaga mahindi: unga haurudi kuwa punje. Ukija kesho, tovuti inasaga tena ulichoandika na kulinganisha unga kwa unga. Usimbaji fiche ni jambo jingine kabisa, kwa sababu una ufunguo, na mwenye ufunguo hurudisha kila kitu kilivyokuwa. Unafaa kwa namba ya kadi ya benki ambayo kampuni itaihitaji tena mwezi ujao kukata malipo. Kwa nywila haufai.

Adobe walisimba. Walitumia mbinu ya 3DES, tena kwa ufunguo mmoja kwa watu wote, na katika hali iitwayo ECB, ambayo hukata maandishi vipande vya baiti 8 na kusimba kila kipande peke yake. Matokeo yake ni rahisi kuyaona ukilifungua faili. Kila safu ina namba ya mtumiaji, barua pepe, nywila iliyosimbwa, na mwishoni dokezo, yaani maneno aliyoyaandika mtumiaji mwenyewe ili yamkumbushe nywila akiisahau. Dokezo hilo halikusimbwa hata kidogo. Lilikaa wazi, pembeni kabisa ya kile lilichokuwa linakieleza.

Sasa panga safu zote kwa kufuata nywila iliyosimbwa. Kwa kuwa ufunguo ni mmoja na hakuna kilichoongezwa kumtofautisha mtu na mtu, wote wenye nywila moja wanaangukia kundi moja. Kundi kubwa kuliko yote lilikuwa na watu karibu milioni 1.9. Kati ya watu wengi kiasi hicho, madokezo hayakosi kusema ukweli, na wapo walioiandika nywila yenyewe kwenye dokezo: 123456. Mmoja akishasema, amewasemea wote. Mtu aliyejihadhari, asiyeacha dokezo lolote, alifichuliwa na mtu wa bara jingine asiyefahamiana naye, kisa tu walichagua nywila moja. Hili ndilo linaloniudhi kuliko yote katika mkasa huu, kwamba uangalifu wa mtumiaji haukuwa na thamani yoyote mbele ya uzembe wa mwenye tovuti.

ECB nayo iliongeza yake. Nywila mbili zinazoanza na herufi nane zilezile zilitoa kipande cha kwanza kilekile, hata kama zinatofautiana mbele. Nywila ya herufi nane kamili ilijaza kipande cha kwanza, kikafuatia kipande cha pili kitupu. Na kwa kuwa utupu nao husimbwa kwa ufunguo uleule, kila nywila ya herufi nane katika faili zima iliishia na mkia mmoja usiobadilika. Kwa hiyo mpekuzi aliweza kujua urefu wa nywila hizo kabla hajabahatisha hata herufi moja. Mtaalamu Jeremi Gosney alitoa orodha ya nywila 100 zilizotumika zaidi bila kuwa na ufunguo, kwa kuunganisha mambo hayo tu. Baada ya 123456 ilifuata 123456789 iliyotumiwa na watu zaidi ya 446,000, na mbele kidogo ilikuwamo adobe123 yenye watu zaidi ya 211,000.

Adobe walieleza kwamba mfumo ulioibiwa ulikuwa wa akiba, uliopangwa kuondolewa, na kwamba mfumo mkuu ulishahamia kwenye heshi ya SHA-256 pamoja na chumvi. Nayaamini maelezo hayo, na kwangu yanaongeza uzito wa kosa. Maana yake ni kwamba njia sahihi ilijulikana ndani ya jengo, ikatumika, kisha nakala ya zamani ikaachwa mtandaoni na taarifa za watu zikiwa ndani. Mfumo unaosubiri kuzimwa hauna msimamizi anayeujali, lakini taarifa zilizomo ni hai kama zile za mfumo mkuu.

Chumvi niliyoitaja ni thamani ya nasibu anayopewa kila mtumiaji, ikachanganywa na nywila yake kabla ya kusagwa. Watu wawili wenye 123456 wanatoka na matokeo mawili yasiyofanana, na makundi yale ya watu milioni 1.9 hayawezi kuundwa. Robert Morris na Ken Thompson waliieleza mbinu hiyo kwenye mfumo wa Unix mwaka 1979, miaka 34 kabla ya mkasa wa Adobe. Mwaka 1999 Niels Provos na David Mazières wakaleta bcrypt, heshi iliyotengenezwa iwe nzito makusudi: anayeingia kwenye akaunti yake hausikii uzito huo, ila anayejaribu nywila mabilioni kwa mashine anaubeba kila anapojaribu. Argon2, iliyoshinda shindano la kimataifa mwaka 2015, inadai pia kumbukumbu nyingi ya kompyuta. Wengine walizipuuza mbinu hizi: LinkedIn walitumia heshi ya SHA-1 bila chumvi. Mwaka 2012 heshi milioni 6.5 zilimwagwa mtandaoni, na mwaka 2016 taarifa za akaunti milioni 117 zikaonekana zinauzwa.

Mwaka uleule wa Adobe tuliona pia kazi nzuri. Facebook walijua kwamba watu wengi hurudia nywila moja kila mahali. Wakachukua barua pepe na nywila za Adobe zilizokwisha kujulikana, wakazipitisha kwenye heshi yao wenyewe, na pale matokeo yalipolingana na yaliyohifadhiwa, mwenye akaunti akatakiwa kubadilisha nywila. Hawakuhitaji kuzijua nywila za watumiaji wao ili kuwalinda.

Kutokana na mkasa huohuo, Mwaustralia Troy Hunt alianzisha huduma ya Have I Been Pwned Desemba 2013, ambako mtu hutafuta kama barua pepe yake imo kwenye taarifa zilizovuja. Baadaye aliongeza sehemu ya kukagua nywila, na hapo palikuwa na tatizo la haki kabisa: nani mwenye akili timamu atampa mgeni nywila yake ili aambiwe kama ni salama? Jibu lililoanza kutumika Februari 2018, lililobuniwa na Junade Ali wa kampuni ya Cloudflare, ni la ustadi mkubwa.

Chukua 123456. Kivinjari chako kinaisaga kwa SHA-1 hapohapo kwenye kifaa chako, inatoka 7C4A8D09CA3762AF61E59520943DC26494F8941B. Kinachotumwa kwa seva ni alama tano za mwanzo tu, 7C4A8. Seva inarudisha orodha ndefu ya heshi zote inazozijua zinazoanza hivyo, bila kujua wewe ulikuwa unaulizia ipi, na ulinganisho wa mwisho unafanyika kwako. Alama tano zinagawa nywila zote duniani katika mafungu 1,048,576. Seva inajua fungu, haijui nywila. Haijui hata kama yako imo. Ikidukuliwa kesho, haina cha kukuibia, kwa sababu hukuwahi kuipa.

Huo ndio ulinzi ninaoupigania: tovuti ijengwe ili isijue isichohitaji kujua. Kenya ilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Data mwaka 2019, na Tanzania Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022. Sheria ya Kenya inamtaka anayesimamia taarifa za watu amjulishe Kamishna wa Data ndani ya saa 72 baada ya kugundua uvujaji, na inasisitiza kukusanya kile tu kinachohitajika. Kwa kipimo hicho cha pili, dokezo la nywila la Adobe lilipaswa kufutwa miaka mingi kabla, maana halikumfaa mtu kuliko lilivyomfaa mwizi. Nchini Marekani, mwaka 2016, Adobe walikubali kulipa dola milioni 1 kumaliza madai ya majimbo 15. Kwa kampuni ya ukubwa ule, hiyo si adhabu ya kumfanya mtu azime seva ya zamani.

Kwenu mnaojenga tovuti za shule, vyama vya akiba na mikopo, hospitali na maduka ya mtandaoni: tumieni Argon2 au bcrypt iliyoandikwa na wataalamu, msibuni yenu. Kisha tafuteni nakala za zamani. Kanzidata ya majaribio iliyojazwa taarifa za wateja halisi, faili la kuhamishia data lililosahauliwa kwenye seva, mfumo uliobadilishwa lakini haukuzimwa. Anzieni hapo leo.

Nawe msomaji, unaweza kuikagua tovuti yoyote bila kuwa fundi. Bonyeza sehemu ya kusahau nywila. Ikikutumia kiungo cha kuweka nywila mpya, imefanya inavyopaswa. Ikikutumia nywila yako ya zamani kama ulivyoiandika, basi inaweza kuisoma, na atakayeiibia ataweza pia. Ibadilishe nywila hiyo kila mahali ulikoitumia, na uwaandikie wenye tovuti kuwaeleza kwa nini.