Vyombo Vipya na Mabaharia Wake

Katika miaka ya karibuni limeenea katika lugha yetu fungu la maneno lisemalo "vyombo vipya vya habari", nalo limepokewa na wengi bila ya kuulizwa lakusudia nini. Limeingia katika mitaala ya vyuo, katika hotuba za mawaziri na katika matangazo ya kazi. Mwenye kulitumia hudhani kwamba msikilizaji ameelewa, na msikilizaji huona haya kuuliza. Nia ya insha hii ni kuuliza. Nitajaribu kuonyesha kwamba fasili za tasnia hii zilizo maarufu zina upungufu wa namna moja: hueleza chombo kwa urefu, zikaacha kuwataja watu wanaokiendesha. Upungufu huo haukomei katika vitabu, kwani wako watu waliodhurika kwa sababu yake, katika mshahara wao na katika afya yao.

Tuanze na maneno yenyewe. Chombo katika Kiswahili ni kitu cha kutumia, kama sufuria au jembe. Na kwa watu wa pwani chombo ni jahazi pia. Hapana mtu wa pwani aliyeliona jahazi likiingia bandarini akadhani kwamba limejileta lenyewe. Hujua kwamba lina nahodha, lina serahangi, lina mabaharia, na lina mwenye mali ambaye huenda hajapata kuvuka nalo bahari hata mara moja. Neno tasnia nalo ni ndugu wa neno sanaa, kwa kuwa yote mawili yatokana na shina la Kiarabu lenye maana ya kutengeneza. Basi lugha yetu, tukiisikiliza vyema, hutukumbusha kwamba hapana chombo bila ya watu wala tasnia bila ya mikono. Ajabu ni kwamba tulipoyaunganisha maneno hayo ili kuitaja hali ya zama zetu, watu na mikono wakatoweka.

Limebaki neno "vipya", nalo ndilo dhaifu kuliko yote. Upya hauna maisha marefu. Gazeti la Mambo Leo lilipoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1923, jina lake lilikuwa tangazo la upya. Na redio ilipoanza kusikika katika mji huohuo mwaka 1951, gazeti likahesabiwa kuwa chombo cha zamani. Anayekifasili kitu kwa umri wake ametupa tarehe ya kuzaliwa kwake, hajatupa tabia yake.

Mwandishi aliyejitahidi kuiepuka kasoro hiyo ni Lev Manovich, katika kitabu chake The Language of New Media kilichotoka mwaka 2001. Yeye alitaka kujua vyombo hivi vimejengwa vipi, akataja kanuni tano: kwamba kila kilichomo huwakilishwa kwa tarakimu, kwamba kitu huundwa kwa vipande vinavyoweza kutenganishwa na kuungwa tena, kwamba sehemu ya kazi hutendwa na mashine yenyewe, kwamba kitu kimoja chaweza kutokea kwa sura nyingi, na kwamba mantiki ya kompyuta hupenya katika utamaduni, nao utamaduni hupenya katika kompyuta. Fasili hii ina nguvu, kwani yaeleza mambo tunayoyaona kila siku. Picha ya harusi iliyopigwa Tanga yaweza kufika Muscat kabla ya biharusi kuondoka ukumbini, ikakatwa, ikatiwa maneno, ikawa kichekesho mikononi mwa watu wasiomjua bwana wala bibi.

Lakini na tuitazame kanuni ya tatu, isemayo kwamba mashine hutenda yenyewe. Haki yapasa kutendwa: Manovich aliandika kabla ya Facebook kuzaliwa mwaka 2004, na shabaha yake ilikuwa umbo la vyombo, haikuwa ajira. Lawama yawahusu zaidi waliomfuata, walioichukua kanuni hiyo kana kwamba ni habari ya kazi iliyokwisha kuondolewa mikononi mwa binadamu. Mwanafunzi aliyefundishwa hivyo huamini kwamba picha ya mauaji ikiondolewa katika simu yake imeondolewa na kompyuta. Mara nyingine ni kweli. Mara nyingine imeondolewa na kijana aliyelazimika kuitazama.

Fasili ya pili ni ya wenye mali. Wao husema kwamba hawana gazeti wala kituo cha utangazaji; wana jukwaa tu, na kila mtu hupanda akasema alitakalo. Nchini Marekani dai hilo lina nguzo katika sheria ya mwaka 1996, ambayo kifungu chake cha 230 hukataza mwenye huduma ya kompyuta kuhesabiwa kuwa mchapishaji wa maneno yaliyotolewa na mtu mwingine. Sisi tusomao tamthilia twalijua neno jukwaa, na twajua pia kwamba nyuma yake pana mafundi wa taa, washonaji wa mavazi na mtu wa kuvuta pazia. Wenye mali wamelichukua neno letu wakaliacha pazia.

Yafaa sasa tuinue pazia hilo kwa mfano mmoja tuujuao, kwani mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mwaka 2019 kampuni ya Facebook, ambayo tangu mwaka 2021 yaitwa Meta, ilikuwa na kituo Nairobi kilichoendeshwa na kampuni nyingine iitwayo Sama. Humo waliajiriwa vijana kutoka nchi mbalimbali za Afrika ili wapitie yaliyowekwa mtandaoni kwa lugha kama Kisomali, Kioromo, Kihausa na Kiswahili, na kuamua lipi libaki na lipi liondolewe. Jarida la Time liliandika Februari 2022 kwamba baadhi yao walibaki na kiasi cha dola 1.50 kwa saa. Waliyoyatazama kwa malipo hayo ni mauaji, ubakaji, mateso ya watoto na watu wanaojitoa roho.

Hawa huitwa wasimamizi wa maudhui, na jina hilo lastahili kuchunguzwa na jarida la fasihi kuliko jarida lolote. Katika uhakiki wetu maudhui ni mwenzi wa fani: ni yale ambayo mtunzi ameyakusudia na msomaji ameyachimbua. Katika tasnia hii neno hilo limeshushwa hadhi. Maudhui sasa ni chochote kijazacho chombo: shairi, tangazo la sabuni, maiti. Mtunzi ametoweka, na fani imetoweka pamoja naye, imebaki shehena.

Hata hivyo mtu wa Nairobi aliyewekwa kuisimamia shehena hiyo hafanyi kazi ya kuli. Anasoma. Chukua neno "madoadoa". Katika kamusi ni mabaka, kama yale ya ngozi ya chui. Katika siasa ya Kenya limekuwa neno la kuwataja watu wa kabila jingine wanaokaa mahali ambapo msemaji asema si kwao, nalo huashiria kwamba yafaa wafutwe. Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa iliorodhesha neno hilo mwaka 2022 miongoni mwa maneno ya chuki. Je, sentensi fulani yenye madoadoa yazungumzia chui, kitambaa, ama jirani? Kulijibu swali hilo kwahitaji lugha, historia, na sikio la kutambua kejeli. Ni elimu ileile tunayowatahini wanafunzi wetu kwa saa tatu katika swali la ufafanuzi wa beti. Msimamizi wa maudhui huitumia kwa sekunde chache, mamia ya mara kwa siku, na elimu yake huandikwa katika hesabu kuwa kazi isiyo na ujuzi.

Kwamba fasili si mchezo wa wanazuoni, mahakama za Kenya zimethibitisha. Mei 2022 Daniel Motaung, mtu wa Afrika Kusini aliyefanya kazi katika kituo hicho na kuachishwa mwaka 2019 baada ya kujaribu kuwaunganisha wenzake, alizishtaki Meta na Sama. Meta ilijitetea kwamba haina makao Kenya na kwamba mwajiri ni kampuni nyingine. Tazama jinsi utetezi huo ulivyo mwana wa fasili: kama tasnia ni jukwaa tu, basi wasomaji wake ni watu wa nje. Februari 2023 Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi ya Nairobi iliamua kwamba Meta yaweza kushtakiwa nchini humo. Kuanzia mwezi uliofuata walijitokeza wasimamizi 184 wakidai kwamba wameachishwa kazi kinyume cha sheria, na Juni mwaka huohuo mahakama, katika amri ya muda, ikaiona Meta kuwa mwajiri wao hasa, kwa kuwa kazi ilikuwa yake na vifaa vya kuitendea vilikuwa vyake. Septemba 2024 Mahakama ya Rufani ilikataa ombi la kampuni hiyo la kuondolewa katika kesi. Desemba 2024 ilijulikana kwamba katika hati zilizopelekwa mahakamani, wasimamizi zaidi ya 140 walikuwa wamepimwa na daktari na kuonekana wana maradhi makali ya kiwewe. Huko Marekani, mwaka 2020, kampuni hiyohiyo ilikubali kulipa dola milioni 52 katika shauri la wasimamizi waliodai kudhurika kwa kazi ya namna hiyohiyo. Wa Marekani nao walikuwa wameajiriwa kwa njia ya kampuni za kati.

Yupo atakayesema kwamba vijana wa Nairobi walikuwa hawana kazi, na kwamba ujira mdogo ni bora kuliko kukaa bure. Hoja hii haifai kupuuzwa, maana njaa si jambo la kubuni, na wengi wao wamesema wazi kwamba walihitaji kazi. Lakini wao wenyewe hawakudai kazi iondolewe. Mnamo Mei mosi 2023 zaidi ya wafanyakazi 150 walikutana Nairobi wakapiga kura ya kuunda chama cha wafanyakazi. Mtu anayeunda chama cha kazi anaitaka kazi. Anachokikataa ni masharti yake.

Mwingine atasema kwamba shida ni ya kupita, kwa kuwa akili bandia itazichukua kazi hizo. Jibu limo katika historia ya akili bandia yenyewe. Januari 2023 jarida la Time lilieleza kwamba kampuni ya OpenAI, katika kuisafisha programu ya ChatGPT isitoe maneno machafu, iliwatumia wafanyakazi wa Sama wa Nairobi kusoma na kuweka alama juu ya maelfu ya maandishi ya ukatili, kwa malipo ya kati ya dola 1.32 na dola 2 kwa saa. Akili iliitwa bandia, lakini macho yaliyosoma yalikuwa macho ya kweli. Mashine ilijifunza kwa kusomewa, na msomaji akabaki bila ya jina.

Ni haki tukumbuke pia kwamba serikali zetu zina fasili zao. Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za Tanzania, zilipotoka mwaka 2018, ziliwataka wenye blogu wakate leseni kwa ada ambazo jumla yake ilizidi shilingi milioni 2. Sheria ya Fedha ya Kenya ya mwaka 2023 iliweka kodi ya zuio ya asilimia 5 juu ya mapato ya watayarishaji wa maudhui ya kidijitali. Basi kijana anayejirekodi chumbani kwake alionekana mara moja na kupewa jina, ilipokuwa kuna ada ya kutozwa. Dola yaweza kumwona mfanyakazi wa tasnia hii ikitaka. Yabaki imwone pia inapofika zamu ya likizo, matibabu na kiinua mgongo.

Kwa hayo yote napendekeza fasili hii: tasnia ya vyombo vipya vya habari ni kazi ya watu wengi, wenye kuandika, kupiga picha, kusoma, kuchuja na kuweka alama, iliyounganishwa na kompyuta, ikagawanywa katika nchi nyingi na kupitishwa mikononi mwa makampuni ya kati, kwa namna ambayo mtumiaji huiona mashine peke yake. Kanuni tano za Manovich zaweza kukaa ndani ya fasili hii bila ya kupungua. Kinachoongezeka ni maswali ambayo fasili za awali haziwezi kuyauliza: mwajiri ni nani pale makampuni yanapopokezana kazi, ni kwa haki gani mfanyakazi hufungwa kwa mkataba wa siri asimwambie hata mkewe alichokiona, nani ailipie afya ya akili baada ya mkataba kwisha, na ujuzi wa lugha za Kiafrika utapimwa kwa thamani gani katika soko linalouhitaji lakini haliutaji.

Swali la mwisho ni letu sisi tusomeshao lugha hizo. Waliokaa mbele ya kompyuta za Nairobi ni vijana wa umri wa wanafunzi wetu, na elimu iliyowapatia kazi ile ni elimu tunayoifundisha. Idara zetu zimeunda istilahi za kompyuta kwa bidii ya kusifika: tunayo tarakilishi, kicharazio na kipakatalishi. Mtu anayevitumia kusoma mabaya ya dunia ili wengine wasiyasome tumempa jina la kuazima, linalomfanya aonekane karani wa bohari. Yafaa tumtafutie jina linaloitaja kazi yake ya usomaji, tumweke katika mihadhara yetu ya uhakiki pamoja na wasomaji wengine, na kila fasili ya tasnia hii ipelekwayo mbele ya wanafunzi ijaribiwe kwa swali moja: je, msichana wa Nairobi aliyeisoma "madoadoa" kwa sekunde chache, akaamua, akajiona ndani yake?