Neno Urithi na Hoja ya Galton

Katika kitabu chake Hereditary Genius, kilichotolewa London mwaka 1869, Francis Galton aliwachukua majaji wa Uingereza wa tangu 1660 hadi 1865, akawahesabu jamaa zao waliopata sifa. Aliwaona ni wengi, akakata shauri kuwa akili hupita katika damu. Mfasiri wa kitabu hicho hana budi kutumia neno urithi, na hapo ila ya hoja hujifunua yenyewe. Kwani katika Kiswahili mwana hurithi sura ya babaye, na shamba la babaye hulirithi vilevile. Mwana wa jaji alipata ubongo wa wazee wake, lakini alipata pia shule, fedha na marafiki wa baba. Galton alilijua pingamizi hili. Alijibu kwa mfano wa jamaa waliolelewa na Mapapa wasipate sifa, jibu la werevu kweli, ila mwenyewe alikiri kwamba nasaba za Waitalia hakuzichunguza sana. Kosa hilo halikubaki kitabuni. Mwaka 1883 alibuni jina la elimu ya kuboresha uzao wa watu, na mwaka 1907 jimbo la Indiana, Marekani, lilitunga sheria ya kuwafunga uzazi kwa nguvu wahalifu na walioitwa punguani.